Ufunguo Uliokufa Mfukoni mwa Shemeji

Vijana wa duka, mmeniomba niandike namna tulivyofanya kazi, ili na wengine watakaokuja wasome. Haya, naandika. Ila msitegemee maneno matamu, maana miaka niliyokaa nyuma ya meza ya funguo hapa Lubumbashi haikuwa mitamu, na mimi mwenyewe sijawahi kuwa mtu wa kupaka asali. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Cheo sikupewa, na mshahara kila aliyeishi nchi hii enzi zile anajua ulikuwaje. Nimejitahidi kuandika Kiswahili nilichofundishwa shuleni kwa masista, ili msomaji wa mbali asipotee, lakini maneno ya watu nimeyaacha yalivyotoka kinywani. Mtu wa Lubumbashi ukimsemesha Kiswahili cha redio anakuwa mtu mwingine kabisa.

Kazini jina langu lilikuwa Véro. Wadogo waliniita yaya Véro, yaani dada mkubwa, wakubwa Mama Véro, na wateja wapya waliniita "Mama, fundi iko wapi?" Swali hilo nimelijibu mpaka nimeacha kazi. Kuna mzee mmoja niliyemwambia fundi ni mimi, akacheka, akaketi kwenye benchi na kusema atamngoja tu. Alingoja mpaka tunafunga duka. Kesho yake alirudi, akanipa ufunguo bila kunitazama usoni.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa kaskazini ya Katanga. Mimi nilipelekwa kwa masista kujifunza kushona, na nilipomaliza nchi ilikuwa imeshaanza kuvunjika. Treni zilisimama, moshi wa viwanda ulipungua, na nguo mpya hakuna aliyetaka. Nikaenda kuomba kazi kwa Papa Paluku, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini aliyekuwa na duka la misumari, rangi na kufuli huku kwetu mtaa wa Bel-Air. Alikuwa mtu wa kanisa, anasali kabla ya kufungua mlango na anasali tena kabla ya kutaja bei. Aliitazama mikono yangu, hakutazama kitu kingine.

"Unajua kushona tundu ya kifungo?"

"Najua, papa."

"Basi utajua kukata funguo."

Siku ya kwanza umeme haukuwepo, mashine ya kukatia ilikuwa imelala. Akanipa tupa, mshumaa, kufuli iliyopotelewa na ufunguo wake, na ufunguo mpya usio na meno. Unaufukiza ule ufunguo kwenye moshi wa mshumaa mpaka unakuwa mweusi. Unauingiza ndani ya kufuli, unauzungusha kidogo, unautoa. Pale masizi yalipokwaruzwa ndipo unapopitisha tupa, kidogo tu, halafu unafukiza tena. Nilifanya hivyo tangu asubuhi mpaka wenye duka la jirani walipokula chakula cha mchana. Kufuli ilipofunguka nilipiga yowe la furaha, kidole gumba kinavuja damu. Papa Paluku aliuchukua ule ufunguo, akauangalia kwenye mwanga.

"Meno iko muzuri," alisema. "Sasa pangusa damu, bateja banaogopa."

Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata kutoka kwake. Ninyi mnataka kusifiwa kila mkibadilisha betri ya rimoti.

Alikuwa na sheria moja, na hiyo naomba muishike hata kama mengine yote mtayasahau. Hakukata ufunguo kama mwenye kitu hakusimama pale. Karatasi hakuziamini. "Karatasi kila muntu anaiandika mu hii inchi," alisema. "Mwenyewe asimame hapa mbele yangu, aseme na kinywa chake: hii kintu ni yangu, na hii funguo ni ya fulani." Ukishamsikia mwenyewe akitamka ufunguo ni wa nani, kazi yako imeshakuwa na mwenyewe. Asiyetamka, aende.

Na walikuja wengi wasioweza kutamka. Kazi yetu ilinona kila mji ulipougua. Wanajeshi walipopora maduka, watu wote walitaka kufuli mpya. Halafu ukaja ule mwaka wa aibu, majirani zetu ambao babu zao walitoka mkoa mwingine walipofukuzwa waende "kwabo", yaani kwao, wakati kwabo kwenyewe hawajawahi kupaona, wamezaliwa hapa hapa, watoto wao wamebatizwa na watoto wetu. Stesheni ilijaa watu na magodoro. Na hapa dukani walikuja wengine, watu wa heshima, watu wa kwaya, wameshika funguo za nyumba ambazo si zao, wanataka za pili.

"Mwenyewe iko wapi?" Papa Paluku aliuliza.

"Mwenyewe amepanda treni."

"Basi umungojee arudi."

Walimtukana, wakamwambia yeye mwenyewe ni mgeni, zamu yake inakuja. Alisikiliza, akaendelea kupanga misumari. Mimi nilikuwa nyuma ya meza na nilitamani kuwatemea mate. Wengine kati yao bado tunakutana Jumapili, tunapeana amani wakati wa misa, na mkono wangu nawapa kwa vidole viwili tu.

Baadaye vita ilikuja, bendera ikabadilika, wanajeshi wapya wakaingia mjini na motokari walizowapora wenyewe. Mnajua gari kwetu tunaita motokari. Walizileta zimevunjwa pale pa kuingizia ufunguo, nyaya zinaning'inia, wanataka ufunguo na bunduki iko mezani. Hapo sheria ya Papa Paluku ilipumzika, sina haja ya kuwadanganya. Alikata, akasali, akafunga duka mapema.

Halafu zikaja motokari za Kijapani zenye akili, zile za usukani wa kuume zinazopita Dar es Salaam na Zambia. Nyingi zilifika na ufunguo mmoja tu. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna kidude kidogo kama punje ya mchele, ndicho hicho mnachokiita puce. Ukiingiza ufunguo, motokari inakiuliza jina. Kikijibu jina linalojulikana, moto unawaka. Kisipojibu, meno yanazunguka vizuri, injini inakohoa, inataka kushika, inazimika, na taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo inapepesa pale mbele. Papa Paluku alisafiri mpaka Dubai akarudi na mashine ya kusomeshea, sanduku dogo lenye waya unaochomekwa chini ya usukani. Kitabu chake kilikuwa cha Kichina. Tulijifunza kwa kuharibu, na motokari ya kwanza tuliyoiharibu ilikuwa ya kwake.

Hapa ndipo nataka mfungue masikio. Kuna motokari ambazo haziongezi jina juu ya jina. Ukitaka kuzisomesha ufunguo mpya, zinasahau kwanza funguo zote, kisha unazisomesha moja moja zile zilizo mkononi mwako. Ufunguo ambao siku hiyo haukuwepo, uliobaki nyumbani kabatini, unakufa. Ukiutazama ni mzima, unaingia, unazunguka, lakini umekufa. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka waya unauliza: funguo zote ziko wapi? Kuna bwana mkubwa mmoja aliyekuja na bibi yake wa ndoa, nikamwuliza swali hilo, akaapa ziko mbili tu. Jumatatu yake akaingia dukani mwanamke mwingine kabisa, amejipamba, ameshika ufunguo wa tatu, anapiga kelele kwamba motokari imemkataa. Ofisi yake ya pili huyo bwana, yaani hawara! Tulicheka mpaka Papa Paluku akatutoa nje.

Kuanzia hapa kicheko katika maandishi haya ni kidogo. Papa Paluku alizeeka, akarudi kwao Butembo, akaniachia duka na mashine.

Miaka ile shaba ilikuwa na bei nzuri, na mji ulilewa. Wageni walifungua viwanda vya kuyeyushia mawe kila upande. Katika kiwanda kimojawapo alifanya kazi baba mmoja wa parokia yetu, tuliyemwita Papa Odile kwa jina la binti yake wa kwanza. Watu wake ni wa Pweto, kule ziwani, wauza samaki wakavu. Alinunua motokari ya Kijapani iliyotumika, akaja nayo dukani, bibi yake Mama Odile ameketi pembeni na mtoto wa mwisho, Solange, mapajani. Alitaka ufunguo wa pili. Nikamwuliza kama nilivyofundishwa: huu ni wa nani?

"Ya bibi yangu," alisema. "Ajifunze kuendesha. Mi nachoka kumupeleka ku soko kila siku."

Mama Odile akampiga kofi mkononi, wote tukacheka. Nilizisomesha funguo zote mbili pale pale. Mwenyewe alisimama mbele yangu, akatamka kwa kinywa chake ufunguo wa pili ni wa nani. Nawaomba mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata, kwa sababu kuna watu mpaka leo wananiambia niliingilia mambo ya familia.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Mmesikia habari zake, lakini kusikia si kuona. Wale wageni hawakuaga. Wafanyakazi walifika asubuhi wakakuta geti limefungwa na mlinzi naye anauliza mabosi wako wapi. Bel-Air nzima wanaume waliketi mbele ya nyumba zao mchana kweupe, hawajui mikono waiweke wapi. Papa Odile aliigeuza motokari yake taksi. Ndiyo iliyowalisha, hiyo tu. Lakini kifua chake kilikuwa kimekwisha kwa ule moshi wa kiwandani, akaanza kukohoa, akaendesha huku anakohoa, na mwishowe akafa hospitalini, kijana kabisa.

Familia ya Pweto ikashuka kwa ajili ya kilio. Kaka yake mkubwa, Papa Mwansa, na shangazi yao mmoja mzee, na wengine nyuma yao. Nilikuwepo siku ya kwanza, nimeketi na wamama. Mjane yuko chini kwenye mkeka, nywele amefunikwa, hasemi, maana mjane hasemi. Papa Mwansa akaja akainama mbele yake.

"Bibi ya ndugu yangu, leta funguo ya motokari. Iko mambo ya kukimbilia, sanduku, viti, maji."

Mnaijua desturi hiyo. Siku ya kwanza ya kilio wanaomba funguo kwa ajili ya kukimbiakimbia, na nani atawanyima maiti ikiwa bado haijazikwa? Wanazipata, na hazirudi. Zinalala kwenye mfuko wa shemeji mpaka matanga yanaisha, halafu zinasafiri naye. Nimezika wanaume wengi wa parokia yetu na sijaona ufunguo hata mmoja ukirudi kwa mjane. Mama Odile alitoa ufunguo wa bwana wake. Wa kwake aliuacha pale ulipokuwa, ameufungia ndani ya nguo, kifuani.

Baada ya maziko alinivuta karibu kana kwamba ananiegemea kulia.

"Yaya Véro, banatoka kiisha matanga. Banaenda na motokari ku Pweto. Ile funguo ya bwana iko kwa shemeji, na yangu iko hapa." Akagusa kifua. "Unaweza kufanya ile yake ikufe?"

"Naweza. Lakini bataona haiwake."

"Bataona imeharibika. Bataiacha, batapanda lori. Kiisha mi natafuta chauffeur ya kuiendesha, inarudia ku taksi, batoto banakula. Yaya, bwana yangu alisema mbele yako funguo ni ya nani."

Alisema, ndiyo. Na alilisema mbele yangu, si mbele ya watu wa Pweto. Nikarudi kwenye kilio kesho yake na kikapu cha mboga, na chini ya mboga mashine. Wanaume walikuwa wameenda kununua kamba na madumu ya safari, kwa miguu, kwa sababu mafuta ya motokari yalikuwa yanatunzwa. Wamama walikuwa nyuma wanapika. Mama Odile alinipenyezea ufunguo wake, nikaketi kwenye motokari nikachomeka waya, nikafuta majina yote, nikausomesha huo wa kwake peke yake, nikamrudishia. Ule mwingine ulikufa mfukoni mwa Papa Mwansa akiwa sokoni anapatana bei ya kamba. Ningeulizwa leo ningefanya tena, na kwa moyo mweupe.

Sikujua ni kitu gani kingefuata, na nyinyi mnaosoma pia mngesema kama nilivyosema: watamwita fundi, fundi atashindwa, wataondoka. Siku ya safari motokari ilikataa kuwaka, na kweli walimwita fundi. Alisugua vichwa vya betri, akabadilisha plagi, akaomba bia, akashindwa. Wakasukuma motokari uwanja mzima. Papa Mwansa anazungusha ufunguo, injini inakohoa, inashika kidogo, inazimika. Inakohoa, inashika, inazimika. Jamani, mtu aliyekufa kwa kikohozi, na motokari yake inakohoa hivyo mbele ya ndugu zake! Shangazi ndiye aliyeanza.

"Iko nakataa bantu ya damu yake," alisema. "Muntu njo alimufunga mule ndani."

Ni nani aliyemfunga? Hawakutafuta mbali. Nani alilala naye kitanda kimoja? Nani alimpikia? Wakaita mtu wa maombi, naye akazunguka motokari amefumba macho, akasema anaona mkono wa mwanamke juu ya usukani. Kufika mchana uwanja mzima ulikuwa unasema Mama Odile ni mulozi, amemkula bwana wake, yaani amemuua kwa uchawi, na roho yake ameifungia kwenye injini. Mimi nilikuwa dukani, sijui lolote; hayo nilisimuliwa baadaye. Odile, yule binti mkubwa, alikuja mbio bila viatu.

"Mama anasema ukuje. Banasema mama abakie na motokari hapa, ni ya bulozi. Lakini banatupeleka sisi ku Pweto. Banasema damu yabo haiwezi kubakia na mulozi."

Nikachukua mashine, safari hii bila mboga.

Niliwakuta wamefunga mizigo. Nguo za watoto zilikuwa zimeshaingia kwenye mfuko. Mama Odile amesimama ukutani, hawamruhusu hata kuketi kwenye mkeka wake mwenyewe. Solange alikuwa mikononi mwa shangazi, anamtazama mama yake kwa mbali kama wanavyotazama mbwa wasiyemjua. Nilienda moja kwa moja kwa Papa Mwansa.

"Papa, hakuna bulozi hapa. Ile funguo yako ni mimi niliiua. Na mashine. Hii hapa."

Akanitazama kwa huruma, akadhani ninamfichia mwenzangu. "Mama, motokari ni chuma. Funguo inaingia, inazunguka. Mashine itaua nini mule?"

Nikamweleza habari ya puce, ya majina, ya kusahau. Ungefikiri ninaimba. Shangazi akasema na mimi niangaliwe vizuri, mwanamke anayefungua milango ya watu anaweza kuwa mtu wa namna gani. Basi nikafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya: nikaomba ufunguo wa Mama Odile. Akautoa kifuani mbele ya wote, nikamwambia aingie azungushe mwenyewe. Injini ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri kabisa.

Mungu wangu, kelele! Wanawake walikimbia mpaka barabarani. "Munaona? Inamusikia yeye! Inamusikia yeye peke yake!" Mtu wa maombi alikuwa ameshika kichwa chake. Kila nilichothibitisha kilimzamisha Mama Odile zaidi. Hapo nikaelewa kwamba hakuna litakaloingia vichwani mwao isipokuwa jambo moja tu: Papa Mwansa aketi pale, kwa mkono wake, na ufunguo wake, na motokari iwake. Na ikiwaka kwake, imeondoka.

Nikamwendea Mama Odile, nikasema chini chini.

"Naweza kufufua ile ya shemeji. Batakuamini. Lakini banaenda nayo, unajua?"

Hakulia. Nilitamani alie, ningejua nimshike vipi.

"Batoto banaenda na motokari inabakia, ao motokari inaenda na batoto banabakia," alisema. "Yaya, unaniuliza nini tena? Fanya."

Nikafanya. Nilichomeka waya, nikaweka funguo zote mbili, nikaisomesha motokari ule wa marehemu, kisha wa mjane. Kwa hasira nilikosea namba na kuanza upya. Nikamwita Papa Mwansa. Hakutaka kuingia. Kwa kweli aliogopa, jasho lilikuwa linamtoka shingoni. Alifanya ishara ya msalaba, akaketi, akazungusha, na motokari ikawaka. Akazima. Akawasha tena. Ilipowaka mara ya tatu aliweka paji la uso juu ya usukani akalia kwa sauti, anamwita mdogo wake kwa jina la utotoni, anamwambia asante, kumbe hukunikataa. Huyu mtu hakuwa mwizi kwa macho yake mwenyewe. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, maana mwizi ningemtukana vizuri.

Shangazi alikaribia polepole, akaigusa motokari kwa kidole, akamgeukia Mama Odile.

"Kumbe haukumukula," alisema, kwa sauti ya mtu anayeona mvua haikunyesha.

"Hapana, shangazi. Kifua njo kilimukula."

"Aa."

Basi. Hakuna aliyemwomba msamaha. Mfuko wa nguo za watoto ukarudishwa ndani, na magodoro, friji ya marehemu na masufuria makubwa yakatolewa nje, yakafungwa juu ya motokari kwa zile kamba. Papa Mwansa alipomaliza kufunga alinyoosha mkono kwa mjane, bila ubaya, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

"Na ile ya pili."

Akampa. Nilisema, "Papa, ile marehemu alisema mbele yangu ni ya bibi yake." Akanijibu kwa heshima kabisa kwamba ufunguo bila motokari mwanamke ataufanyia nini. Nikaanza kukunja waya wa mashine.

Solange alikuwa ameshashuka kutoka mikononi mwa shangazi. Aliposikia injini alipiga makofi, akaruka. "Motokari ya papa inawaka! Motokari ya papa inawaka!" Akataka apande, kwa sababu kila Jumapili baba yake alimzungusha nayo kabla ya misa. Papa Mwansa akamwinua, akamweka mbele, akaenda naye mpaka kona na kurudi. Mtoto alishuka anacheka, watu wa Pweto wakapanda na kuondoka, naye akasimama kando ya barabara akipunga mkono mpaka vumbi likatulia. Halafu akakimbia kwa mama yake.

"Mama, papa mukubwa anarudia na motokari saa ngapi?"

Mama Odile aliinama kumfuta mtoto vumbi usoni. Wamama wote wakaanza kuangalia masufuria. Nikajibu mimi.

"Harudi nayo, mwanangu. Ameenda nayo kabisa."

Mtoto akaangua kilio, na wale wamama wakanigeukia wote kwa mara moja, wananionyesha meno: yaya Véro, huna moyo? Mutoto haambiwi maneno magumu namna ile! Wao hao, ambao tangu asubuhi walikuwa wanamwambia Solange kwamba mama yake ndiye aliyemkula papa yake.